Jiwe la Dresa

Mhehe akifa, ndugu zake humlilia. Mngoni, ambaye ni mtani wake, ana kazi nyingine. Huja msibani amevaa koti kuukuu, akachukua fimbo ya marehemu, akatembea kama alivyotembea na kukohoa kama alivyokohoa, akataja ubahili wake na uongo wake mbele ya wafiwa, mpaka waliokuwa wakilia wanashika mbavu. Mtani asipokuja, msiba una pengo. Siku alipozikwa Dresa, Mhehe, mimi mtani wake Mngoni nilikuwa mbali, na barua ya kuniarifu ilinifikia arobaini imeshapita. Kwa hiyo deni hilo la utani ninalo mpaka leo, na ninalilipa hapa kwa kalamu. Akitokea mtu wa ukoo wake akasoma, asinune. Aje kwangu achukue kuku, ni haki yake.

Tulikuwa majirani zake Mwanjelwa, hapo Mbeya, miaka ya hamsini, wakati nyumba za Mwanjelwa zilikuwa za kuhesabika na mahindi yanaota mpaka mlangoni. Baba alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Mama alilima na kukaanga maandazi. Mimi nilikuwa msichana wa shule, na mdogo wangu Skola alikuwa na umri ule ambao mtoto bado hajajifunza kumwogopa mtu yeyote. Jirani yetu huyo alikuwa dresa wa zahanati, yaani mtu wa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kugawa kwinini. Daktari alipita mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku nyingine zote daktari alikuwa yeye, na hakutaka mtu alisahau hilo. Jina alikuwa nalo, lakini hata mkewe alimwita Dresa.

Alivaa kaptura ya kaki iliyotiwa wanga na kupigwa pasi mpaka ingeweza kusimama peke yake, soksi nyeupe hadi magotini, na helmeti ya kizungu ambayo hakuivua hata akiwa chini ya paa. Alikuwa mfupi. Nasema hivyo kwa mapenzi. Akirudi kazini kwa njia ya mashambani, mahindi yakiwa yamekomaa, tulichokiona ni helmeti tu ikielea juu ya majani, na Baba angeita, "Helmeti, habari za kazi? Mwenyewe umemwacha wapi?" Na kutoka ndani ya mahindi sauti ingejibu kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene, mkimbizi!" Alimwita Baba mkimbizi kwa sababu Wangoni walitoka kusini ya mbali kabla ya kufika huku, na kwa maelezo ya Dresa njia nzima walikuwa wanakimbia, wakasimama Songea kwa sababu ya kuchoka tu.

Alikuwa na hila ya kuchoma sindano ambayo sijaiona kwa mtu mwingine, nami kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote. Mtoto akiletwa analia, Dresa hakumbembeleza. Alimgeuza, akamsugua kwa pamba yenye spiriti, kisha akamuuliza kwa sauti ya mwalimu, "Haya, sema! Wahehe waliwapiga Wajerumani wapi?" Mtoto, hata akiwa Mnyakyusa wa watu au Msafwa aliyeteremka mlimani asubuhi ile mgongoni kwa mama yake, alitakiwa ajibu kwa nguvu, "Lugalo!" Neno lilipokwisha kutoka mdomoni, sindano ilikuwa imeshaingia na kutoka. Matokeo yake ni kwamba watoto wote wa Mwanjelwa na Ilomba walikua wakijua mahali Wahehe walipomshinda Mjerumani, na wakilisikia jina la mahali hapo hujishika makalio.

Aliyelia baada ya hapo aliambiwa, "Mtwa asingelia." Mtwa ni neno la Wahehe kwa mtawala wao wa zamani, yule aliyepigana na Wajerumani. Dresa alilitumia kwa kila jambo. Mtwa asingelala mpaka jua litoke. Mtwa asingekula bila kunawa. Mama alimuuliza siku moja kama Mtwa angekaa barazani kwa jirani saa nzima akingoja maandazi yaive, Dresa akajibu kwamba Mtwa angetuma mtu, lakini nyakati zimebadilika.

Sasa huyu mtu wa "Mtwa asingelia" alikuwa anaogopa sindano. Hakuna aliyejua hadi mwaka ule ilipotoka amri kwamba wafanyakazi wote wa zahanati wachanjwe kwanza wao, ndipo wachanjwe raia. Asubuhi daktari alifika, Dresa hayupo. Alionekana Ilomba, akikagua vyoo. Alikagua vyoo siku mbili mfululizo, kwa bidii ambayo watu wa Ilomba hawakuwahi kuiona, mpaka daktari alipoondoka zake. Baba aliposikia alienda nyumbani kwake akachukua jogoo bila kuomba. "Hii nachukua kwa niaba ya Mtwa," alisema, na Dresa akamwacha aondoke naye, maana mtani akichukua amechukua.

Alikuwa hivyo katika mambo mengi. Alimkaripia Mama kwa maji yasiyochemshwa, kisha sisi wenyewe tukamkuta amepiga magoti kijitoni anakunywa kwa viganja. Alipotuona alisema maji ya mlimani hayana neno. Aliwachukia Wajerumani, lakini vidonge alivihesabu kwa Kijerumani, ains, tsvai, drai, na alipoulizwa alisema amefundishwa na baba yake. Kutoka kwenye machimbo ya dhahabu kule Makongolosi, alikofanya kazi ujanani, alirudi na jino moja la kung'aa. Aliapa ni dhahabu. Baba aliapa ni shaba, na kwamba masika yakianza linaota kutu ya kijani. Ugomvi huo haukuamuliwa kamwe, kwa sababu Dresa hakukubali mtu alitazame kwa karibu.

Lakini nisije nikafanya utani mpaka nikasahau. Skola alipougua nimonia, Dresa hakutoka kwetu siku tatu. Alichemsha sindano zake kwenye jiko letu, akamkanda kifua, akamwimbia nyimbo za Kihehe kwa sauti mbaya sana. Mkewe alimletea chakula kwetu. Siku ya tatu Skola alifungua macho, akamwona, akasema "Lugalo" kabla hajaulizwa, na Dresa akatoka nje akasimama kwenye mahindi muda mrefu. Tangu siku ile nilimpenda, na Skola akawa askari wake. Popote helmeti ilipokwenda, Skola alikuwa nyuma yake.

Habari ya Lugalo aliisimulia kwa chupa za dawa. Jioni wagonjwa wakiisha, alizipanga mezani. Chupa za kwinini zilikuwa Wajerumani na askari wao, katika mstari mrefu, maana ndivyo walivyopita, mmoja nyuma ya mwingine. Vidonge vya pamba vilikuwa Wahehe, vimejificha pande zote mbili nyuma ya mafaili. Kidonge kimoja cha pamba alikiweka peke yake, nyuma ya jiwe la kusagia dawa.

"Huyu ndiye baba yangu," alisema. "Ana mkuki, ana ngao. Mbele yake jiwe kubwa, kama ng'ombe aliyelala. Amekunja magoti, kidevu hapa. Sisimizi wanampanda mguuni. Mmoja, wawili, kumi. Wanauma. Anatikisika?"

"Hatikisiki!" alipiga kelele Skola.

"Hatikisiki. Anangoja mlio wa bunduki, maana ndiyo ishara. Bila mlio, hakuna kuinuka. Hata nyoka aje, hakuna kuinuka." Kisha alipiga meza kwa kiganja, puu, na pamba zote zikaangukia chupa, na kidonge kile cha peke yake kikaangusha chupa kubwa kuliko zote.

Nilisikia habari hiyo zaidi ya mara ishirini. Chupa zilizoanguka ziliongezeka mwaka hadi mwaka, lakini sisimizi walibaki walewale. Kwa Dresa kila kitu kilisimama juu ya jiwe lile. Mshahara wake ulikuwa mdogo, kimo chake ndicho hicho nilichosema, na vijana waliotoka vyuoni walianza kumfundisha kazi aliyowatangulia kuijua. Lakini alikuwa mtoto wa mtu aliyengoja nyuma ya jiwe la Lugalo akainuka na mkuki. Hilo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, isipokuwa mtani.

Nilikuwa darasa la nne Baba alipopewa safari ya kupeleka mchele wa Usangu hadi Iringa, wiki ya likizo ya Desemba. Tajiri wake alimruhusu atuchukue. Dresa naye alikuwa na likizo yake, anakwenda kuwaona ndugu zake hukohuko. Baba akaona nafasi imepatikana.

"Mtani, sasa utanionyesha hiyo jiwe."

"Nitakuonyesha."

"Usiponionyesha, kuanzia siku hiyo wewe siyo mtoto wa shujaa. Wewe ni mtoto wa mpishi wa Mjerumani, na nitatangaza mpaka Tukuyu."

Dresa aliitengeneza helmeti yake kichwani. "Nikikuonyesha, utapiga magoti mbele yake. Wewe mwenyewe, na hilo goti lako bovu."

"Napiga."

Walishikana mikono. Mama alisema kwamba wanaume wawili wazima wanashindania jiwe, na alimhurumia Mungu aliyewaumba. Lakini mimi niliona uso wa Dresa baada ya Baba kugeuka, na haukuwa uso wa mtu anayetania.

Safari ilikuwa ya siku mbili. Mama na Skola walikaa mbele na Baba. Mimi na Dresa tulikaa juu ya magunia, yeye na soksi zake nyeupe. Tulipofika Igawa zilikuwa za rangi ya matofali, na tulipofika Iringa ungefikiri amevaa soksi za udongo wenyewe. Njiani alinionyesha kila kilima na kuniambia nani alipigana na nani pale. Baridi ya Makambako ilipotuingia alinipa koti lake, akasema Mtwa asingesikia baridi, huku meno yakimgonga, la dhahabu na mengineyo.

Iringa mchele ukashushwa, tukalala kwa ndugu zake. Asubuhi walimpa kibuyu cha ulanzi, pombe ile ya mianzi, atambike kwa baba yake. Ndivyo wanavyofanya. Huwezi kwenda mahali mzee wako alipohatarisha roho ukasimama mikono mitupu kama mtalii. Unamwagia kidogo, unamwambia umefika, kinachobaki kinanywewa na mliofuatana. Dresa alikipakata kibuyu njia nzima ya kutoka mjini, mpaka Baba alipolisimamisha lori kandokando ya barabara ya Lugalo.

Cha kwanza tulichokiona ni mnara wa mawe. Dresa alieleza kwamba Wajerumani waliujenga kuwakumbuka watu wao waliouawa pale.

Mama aliuzunguka. "Hawa si ndio walioshindwa?"

"Ndio, mama Skola."

"Na nyie mlioshinda, wa kwenu uko wapi?"

Dresa alifikiri. "Wetu ni jiwe," alisema, akakibadilisha kibuyu mkono, akaingia kwenye majani.

Mvua zilikuwa zimeanza, majani yalikuwa mabichi na marefu. Mawe yalikuwepo, sitasema uongo. Tatizo ni kwamba yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililofanana na ng'ombe aliyelala. Dresa alikwenda kwa moja, akalitazama huku na huku, akaenda kwa jingine. Akapanda kidogo, akashuka, akavuka barabara, akarudi. Baba alimfuata nyuma taratibu, mikono mgongoni, kama bwana shamba anayekagua kahawa.

"Ni hii?"

"Siyo hii."

"Ile pale inafanana na mbuzi."

"Nimesema ng'ombe."

"Labda ng'ombe ameamka akaenda kulisha."

Mwanzoni Dresa alijibu. Kisha akaacha kujibu. Jua lilipanda, helmeti ilianza kutoa jasho kwenye ukingo, na mara mbili alirudi kwenye jiwe alilokwisha kulikataa, akainama akalipapasa, akaondoka tena. Nilitamani kumwambia achague lolote. Nani angejua? Lakini hakuwa mtu wa kumwaga ulanzi wa baba yake kwenye jiwe la watu wengine.

"Mtani," Baba aliita, "hii pombe inachacha. Kama jiwe limehama, tunywe turudi." Alisema hivyo kwa sauti iliyokuwa imepungua nguvu. Naye alikuwa ameanza kuona kwamba mchezo unaingia mahali pabaya.

Hapo ndipo Mama alipouliza, "Skola yuko wapi?"

Tulitazamana. Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Mama aliita. Baba aliita kwa sauti yake ya kuwaonya watu lori likirudi nyuma. Kimya. Majani yale yalimzidi kimo mara mbili, na njiani tulikuwa tumesimuliwa habari za nyoka. Mama alianza kukimbia, akajikwaa, akainuka, akaendelea kuita huku analia. Mimi nilikimbilia barabarani. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, nikiahidi mambo ambayo sikuyatimiza.

Dresa ndiye aliyesimama. Aliacha kuita, akavua helmeti, mara yangu ya kwanza kumwona akifanya hivyo, akaiweka chini, akaanza kutembea polepole akitazama karibu na ardhi. Nilimfuata. Alikwenda hatua thelathini hivi, akayafunua majani kwa mkono.

Kulikuwa na jiwe dogo, halifiki goti la mtu mzima. Nyuma yake, magoti yamekunjwa na kidevu juu yake, alikuwa Skola. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. Sisimizi walikuwa wanampanda mguuni.

"Skola! Hukusikia tunakuita?" nilisema.

Alinitazama kwa hasira, akanong'ona, "Bunduki bado haijalia."

Dresa alishuka chini kama mtu aliyekatwa miguu. Alipiga magoti mbele ya yule mtoto, akamtazama, kisha akalitazama jiwe, kisha akamtazama tena mtoto. Akapiga kiganja chake kwenye ardhi. Puu. Ndipo Skola alipoinuka na kumrukia shingoni, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto yeyote.

Mama alifika akamnyakua, akampiga kofi moja la makalio, akamkumbatia. Baba alifika anahema. Na mbele yetu sote Dresa akafungua kibuyu, akamwaga ulanzi juu ya lile jiwe dogo, taratibu, akisema maneno ya Kihehe ambayo hakuna aliyeyaelewa. Uso wake wote ulikuwa umelowa.

Baba alilitazama jiwe. Nilijua anachoweza kusema, na Mama alijua pia, maana alimshika mkono. Ng'ombe gani huyu? Shujaa gani anajificha nyuma ya jiwe la kukalia kuku? Neno moja tu, na Dresa angerudi Mbeya mtoto wa mpishi.

Baba aliutoa mkono wa Mama. Akakunja mguu mmoja, akakunja ule wenye goti bovu, akaugulia, akapiga magoti kwenye majani.

"Nimepiga, mtani," alisema. "Lakini usijivune. Nimepiga ili niweze kuliona."

Dresa alicheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, akampa Baba kibuyu, wakanywa wote wawili wamepiga magoti, na Skola akaomba naye akanyimwa.

Bila shaka Baba hakunyamaza. Mpaka mwaka unaisha Mwanjelwa nzima ilikuwa imesikia habari za ng'ombe wa Kihehe, ambaye mtu akitaka kumkamua inabidi alale kifudifudi. Watu walimuuliza Dresa zahanati, wakishikilia tumbo: ng'ombe wako hajambo? Na Dresa, ambaye hakuwahi kuacha neno la Baba likalala bila jibu, hakujibu. Alitabasamu tu. Watoto aliendelea kuwachoma sindano kwa swali lilelile, lakini chupa za kwinini hakuzipanga tena mezani. Skola alimwomba mara nyingi. Dresa alisema chupa zimechoka vita. Mimi niliamini kwamba tulikuwa tumemwibia kitu kule Lugalo, kwa mchezo wetu na ubishi wetu, na kwamba yeye ni mwungwana mno hata asidai. Nilikua na wazo hilo, nalo lilinisumbua.

Miaka saba baadaye nilikuwa najifunza uuguzi kwenye hospitali ya misheni, karibu na Iringa. Dresa alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Asubuhi moja sista alinipa sirinji kwenye kisahani na kuniambia, kitanda cha dirishani, nimonia, penisilini. Nilikwenda. Juu ya kabati ya kitanda kulikuwa na helmeti.

Alikuwa amekonda, na shuka ilimmeza. Lakini macho yaliiona sirinji kabla hayajaniona mimi.

"Mwite sista," alisema. "Wewe ni mtoto wa wakimbizi, mkono wako hauna utulivu."

"Shikamoo, mtani. Sista ndiye aliyenituma."

"Marahaba. Basi kwanza tuzungumze. Baba yako hajambo? Goti lake?"

Nilimjibu yote, nikijua kabisa anachokifanya. Aliuliza habari za Skola, za Mama, za maandazi. Habari za kuuliza zilipomwishia, akaitazama helmeti. Na mimi nikaona kama sitasema leo sitasema tena. Nikamwomba radhi kwa ajili ya Lugalo. Nilimwambia kwamba hatukupaswa kumfuatafuata, na kwamba jiwe kubwa lazima lilikuwepo mahali fulani, hatukuwa na muda tu.

Dresa alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekosea dozi.

"Hakuna jiwe kubwa," alisema. "Jiwe kubwa nililifanya mimi."

Alipumua, akaanza tena polepole, maana kifua hakikumruhusu kwenda haraka. "Baba yangu alikuwa na miaka sita, mtani. Alimfuata kaka yake. Alimfuata bila kuambiwa, kama huyo mdogo wako. Kaka akamwona wameshafika, hakuna pa kumrudisha. Akamkalisha nyuma ya jiwe, akamwambia kaa hapa, usitikisike, mpaka nije. Vita ikaisha. Kaka hakuja. Alikaa pale mpaka mama yake alipomfuata jioni. Sisimizi ni kweli. Sisimizi sikuongeza."

"Na mkuki?"

"Mkuki nilimpa mimi." Aligeuza uso upande wa dirisha. "Aliniambia mara moja tu, alikuwa mzee, akalia. Niliona haya. Nikasema nikiwa na watoto sitawaambia hivi. Sasa kule nilikuwa natafuta jiwe la shujaa, na mtani wangu yuko nyuma. Ningeliona wapi? Nikafunua majani, nikamkuta baba yangu. Kimo chake, machozi yake, anangoja. Sikuwa nimewahi kumwonea huruma, mtani. Mpaka siku ile."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo mwanafunzi hakuruhusiwa, na sirinji ikiwa bado mkononi.

"Nikifa, wewe ndiye utakayeniiga," alisema. "Hiyo helmeti uivae. Habari za vyoo vya Ilomba useme. Jino useme. Watu wacheke sana. Ukifika kwenye jiwe, uliseme lilivyo."

"Nitasema."

"Haya. Sasa mwite sista."

Nikachukua pamba. Nikamgeuza, akawa mwepesi kama mtoto, nikamsugua kwa spiriti.

"Wahehe waliwapiga Wajerumani wapi?" niliuliza.

"Usiniletee hila yangu mwenyewe," alisema huku amejikaza mwili mzima. "Mimi sijibu."

"Basi niambie hili tu. Hiyo siku ya msiba watauliza. Jiwe lilikuwa na kimo gani?"

Alifikiri. Mwili ulimlegea. Akautoa mkono chini ya shuka, akaunyoosha nje ya kitanda, akaushusha kidogo, akaupandisha, akipima, na alipoupata akautuliza hapo, kiganja chini, kama mtu anayekiwekea mkono kichwa cha mtoto. Ndipo nilipochoma.

Hakulia. Mkono ulibaki palepale hewani mpaka nilipoichomoa sindano.

"Umechelewa, mtani," alisema. "Mimi ningechoma zamani."